Shokapu mbili mbili mbele kwenye pikapu ya zamani: pima kwanza, chomelea baadaye

Pikapu inayoteremsha viazi kutoka Isyonje kwenda Uyole, huku Mbeya, inabeba mzigo nyuma, lakini kelele zinaanzia mbele. Lumbesa zikipangwa hadi kupita ekseli ya nyuma, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na matairi ya mbele yanadunda kwenye vumbi badala ya kuishika barabara. Ndipo mwenye gari anapofika gereji na ombi lake: "Fundi, nifungie shokapu mbili mbili mbele."

Inawezekana, na kwenye gari linalofaa inasaidia sana. Ila shokapu (au shokomzoba, ukipenda) haibebi mzigo. Mzigo uko juu ya springi. Shokapu inazuia springi isiendelee kucheza baada ya shimo, na inafanya hivyo kwa kulazimisha oili ipite kwenye matundu madogo, mtikisiko ukageuka joto. Kwenye barabara yenye migongo midogo midogo isiyoisha, oili inapata moto, inakuwa nyepesi, inachanganyika na mapovu, na shokapu inalegea mpaka ipoe. Faida kubwa ya shokapu ya pili ni kwamba joto hilo linagawanywa. Anayetaka gari linyanyuke au libebe zaidi aende kwa fundi springi.

Kabla ya kununua chochote, tafuta ugonjwa wenyewe. Kubonyeza boneti na kuhesabu linavyoruka hakusaidii kwenye springi za mabamba, kwa sababu mabamba yanasuguana yenyewe kwa yenyewe na kuficha shokapu iliyokufa. Ifungue, isimamishe wima, ivute na uisukume kwa mkono mpaka mwisho. Isiwe na sehemu inayoteleza bure. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi la mbele, mbele kwenda nyuma, halafu urudishe. Ukikuta mabonde na vilima kila baada ya upana wa kiganja, tairi limekuwa likiruka. Lakini bushi (mipira ya kwenye maungio) za springi zilizolika, beringi ya gurudumu iliyolegea na tairodi (fimbo ya usukani) iliyochoka huleta dalili zinazofanana, na hakuna shokapu itakayoziponya.

Ninayoyaeleza hapa ni kwa pikapu yenye ekseli nzima mbele na springi za mabamba, kama Hilux LN106 au Land Cruiser ya mfululizo wa 75. Ukiwa na Hilux ya tosheni ba, yaani yenye fimbo inayojipinda badala ya springi za mabamba mbele, achana na kazi hii. Nafasi ni finyu, na shokapu ikishikwa katikati ya mkono wa chini inatembea nusu tu ya mwendo wa gurudumu. Pale, nunua moja nene na nzuri.

Sasa vipimo, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Shokapu isiwe ndiyo inayosimamisha ekseli, si juu wala chini. Ikigonga mwisho kabla ekseli haijafika kwenye mpira wa stopa, ule unaoizuia isigonge chesisi, inapasuka au inang'oa bamba lake. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mzigo wa kawaida, chagua tundu la juu na la chini, pima umbali kati yake. Tuseme ni 420 mm. Pima pengo kati ya ekseli na mpira wa stopa, tuseme 70 mm, ongeza 15 mm za mpira kubonyea. Shokapu iliyosimama karibu wima itabaki na 335 mm. Toa tena 20 mm za usalama: tafuta inayofunga kufikia 315 mm au chini yake. Kisha inua gari kwa chesisi, uweke stendi, magurudumu yaning'inie, upime tena. Ukipata 495 mm, shokapu ifunguke angalau 510 mm. Namba hizo ni mfano. Za gari lako zipime mwenyewe, kulia na kushoto, kwa sababu springi za zamani hazilali sawa.

Pembe nayo inakula nguvu kuliko watu wanavyodhani. Shokapu iliyoinama nyuzi 20 inabaki na takriban asilimia 88 ya nguvu yake, nyuzi 30 inabaki na 75, nyuzi 45 ni nusu tu. Kwa hiyo ya pili iliyolazwa sana kwa sababu "nafasi ilikuwa hapo" ni pambo. Mimi sivuki 20. Ile ya asili ikiwa mbele ya ekseli, ya pili naiweka nyuma yake. Mpangilio huo pia unapunguza ekseli kujizungusha unapofunga breki kwa nguvu.

Usinunue mbili zenye ugumu uleule wa asili ukadhani umeboresha. Nguvu zinajumlishwa. Kwa kawaida shokapu inazuia zaidi inapovutwa kuliko inapobonyezwa. Ukiifanya hivyo maradufu, gurudumu halirudi chini kabla ya mgongo unaofuata, gari linazama kidogo kidogo na kukaa juu ya stopa. Chukua mbili laini, zote nne za mbele ziwe aina moja na mpya. Mpya ikiwekwa pamoja na kuukuu, mpya inafanya kazi yote na kufa mapema.

Kwa chini, napendelea kutengeneza bamba jipya la yu-bolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) lenye sikio la shokapu, chuma cha 8 mm au zaidi, kuliko kuchomelea kwenye bomba la ekseli. Joto linapinda bomba na kuunguza sili. Masikio yawe mawili, ya 6 mm, yakiikumbatia bushi pande zote, bolti ya daraja 8.8 inayojaa tundu la bushi. Bolti inayoning'inia upande mmoja inapinda.

Kwa juu, chesisi ni nyembamba kuliko inavyoonekana. Weka kwanza bamba la 4 au 5 mm lenye kona za mviringo, kubwa kuliko mguu wa mnara (kishikio cha juu cha shokapu) wenyewe, ndipo mnara ukae juu yake. Chomelea kwa kufuata urefu wa chesisi. Usivuke ukingo wa juu wala wa chini kwa mstari wa wima, kwa sababu ufa unaanzia hapohapo. Rodi ya kuchomelea, ya 7018, iwe kavu kabisa. Ikilala wazi kwenye baridi na ukungu wa huku kwetu inavuta unyevu na kuacha vitundu. Chomoa waya zote mbili za betri na plagi ya alteneta, na klempu ya athi ikae karibu na unapochoma, umeme usipite kwenye beringi.

Upande wa kulia una sanduku la usukani, upande mwingine una ekzosi. Acha 50 mm kutoka kwenye ekzosi na uweke ngao ya bati. Kabla ya kuchoma moja kwa moja, shika kwa vidoti, inua gurudumu moja kwa jeki mpaka mwisho wakati jingine linaning'inia, zungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Angalia tairi, paipu ya breki, na kwenye foo wili shafti ya mbele.

Shokapu ya oili yenye mirija miwili iamshwe kwanza: isimamishe wima, ivute na kuibonyeza mara 4 au 5 hewa itoke. Kaza bolti za bushi gari likiwa chini. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejipinda na kuchanika mapema. Bolti ya M12 inatosha 80 Nm.

Usilihukumu gari asubuhi ya Juni kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, kwenye mita 2,600 na umande umeganda. Oili ni nzito, kila kitu kitakuwa kigumu. Endesha kilomita 20 za vumbi, simama, gusa kila shokapu kwa mgongo wa mkono, taratibu. Mbili za upande mmoja zikaribiane kwa joto. Ya baridi haifanyi kazi, au bushi yake inacheza.

Kwenye chomeleo paka rangi nyeupe badala ya nyeusi. Kagua baada ya kilomita 500: ufa ukianza, utauona kama uzi wa kahawia.