Mchoro mdogo si lazima uwe wa bei ndogo

Wengi huamini kwamba picha ndogo ya mchoraji mkubwa ni rasimu tu, na mnadani itauzwa kwa bei ya kutupa. Tazama kilichotokea New York, Novemba 2022, Christie's ilipopiga mnada mkusanyiko wa marehemu Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft. Mchoro wa Georges Seurat, Mfaransa, wenye upana wa takriban sentimita 50 tu, ulifika dola milioni 149.2, ada ya mnunuzi ikiwemo. Ungeweza kuubeba kwapani!

Unaonyesha wanamitindo watatu studioni, mbele ya kazi yake maarufu ya Grande Jatte, picha kubwa ya watu wakipumzika kando ya mto. Upo mkubwa wa mandhari hiyohiyo, wenye upana wa mita 2 na nusu, lakini uko kwenye jumba la sanaa la Barnes Foundation, Philadelphia, na hauuzwi. Huu mdogo wa 1888 si jaribio: umekamilika, nukta kwa nukta, maana Seurat alijenga picha kwa vinukta vidogo vya rangi.

Seurat alifariki 1891 akiwa na miaka 31, na kwa mtindo ule wa nukta hakuacha kazi nyingi kubwa. Ukubwa huchangia bei, sikatai, ila wanunuzi hutazama kwanza nani alichora, lini katika maisha yake, hali ya rangi, na mlolongo wa waliowahi kuumiliki. Hata vibao vya mbao alivyovichora, vidogo kama kifuniko cha boksi la sigara, baadhi alivionyesha mwenyewe hadharani. Rasimu za kuficha hazifanyiwi hivyo.