Risasi ya nyati: kiini kisiachane na gamba

Nyati aliyejeruhiwa na kuachwa porini ni deni, na anayelilipa mara nyingi si aliyelikopa. Mnyama huyo huingia kwenye kichaka kizito na kutulia. Atakayemkuta anaweza kuwa mama anayeokota kuni, mchungaji, mrina asali, au askari wa wanyamapori aliyetumwa kumaliza kazi ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, katika elimu ya silaha za uwindaji tunasisitiza kitu ambacho wengi hukiuliza mwisho kabisa: kile kipande kidogo kinachotoka mtutuni na kuingia mwilini. Watu watabishana usiku kucha kuhusu bunduki na darubini, kisha wanunue risasi kwa kuangalia bei tu.

Risasi kamili ina ganda, kiwashio, baruti na kichwa. Kichwa cha kawaida cha kuwindia ni kiini cha madini ya risasi kilichoshindiliwa ndani ya gamba jembamba la shaba. Ncha yake huachwa laini ili ikigonga mwili ifunguke kama uyoga na kuacha jeraha pana. Kwa swala pala au ngiri muundo huo unatosha. Shida huanza kichwa hicho kinapokutana na bega la nyati au la pofu kikiwa kwenye mwendo mkali. Kiini kimekaa tu ndani ya gamba, hakijashikamana nalo. Kikigonga mfupa, gamba hukunjuka kurudi nyuma, kiini huchomoka, na vyote huvunjika kuwa vipande vyepesi vinavyoishia kwenye nyama ya bega. Ukiwa mbali utaona mnyama akiyumba na damu ikidondoka, utaamini umempata. Kumbe mapafu hayajaguswa.

Wawindaji walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler aliwinda huko British Columbia, Kanada, akimfuata moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na vichwa vyake vikapasuka bila kupenya vya kutosha. Akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, alichokiita Partition, kikaanza kuuzwa mwaka 1948. Sehemu ya mbele hufunguka, ya nyuma ya ukuta hubaki nzima na kuendelea kusukuma.

Vichwa vya bondedi vilifuata njia nyingine. Humo kiini hulehemewa kwenye gamba mpaka vinakuwa kitu kimoja, hivyo gamba likikunjuka linakwenda na kiini chake. Kampuni ya Woodleigh ya Australia ilivipa jina la Weldcore, na Norma ya Sweden jina la Oryx. Trophy Bonded Bear Claw, iliyoanzishwa na Jack Carter wa Texas, ina kitako cha shaba tupu, na madini ya risasi yapo mbele peke yake. Swift A-Frame imeunganisha njia zote mbili: ina ukuta wa kati, na kiini cha mbele kimelehemewa. Kwa nyati, hiyo ya mwisho naiona kuwa miongoni mwa chaguo bora zenye madini ya risasi, ingawa bei yake inauma.

Tofauti utaiona ukikishika mkononi kichwa kilichotolewa kwenye mnyama. Tuchukue .375 H&H, kaliba (yaani kipimo cha mtutu na risasi yake) ya Holland & Holland wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1912 na ambayo mpaka leo ndiyo mwenyeji wa mapori yetu. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa greni 300, kama gramu 19 na nusu, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 760 kwa sekunde. Kichwa kizuri cha bondedi mara nyingi hukutwa chini ya ngozi ya upande wa pili, kikiwa kimepanuka na kingo zake kukunjika nyuma, huku madini ya risasi yakiwa bado yamegandana na shaba pande zote. Kiweke kwenye mizani ya sonara. Kikisoma greni 270, kimebaki na asilimia 90 ya uzito wake, na uzito huo ndio uliokipitisha kwenye mfupa na mapafu yote mawili. Kichwa kilichoachana na gamba utakipata vipande vipande, kama utakipata.

Jambo ambalo wengi hulielewa kinyume ni umbali. Wanadhani mtihani mkubwa wa kichwa ni shabaha ya mbali. Kwa uimara wake ni kinyume kabisa: karibu ndiko kunakokivunja, kwa sababu hapo bado kina mwendo wake wote. Nyati hupigwa kwenye vichaka kwa mita 40, mita 60, na hapo ndipo kichwa dhaifu hupasuka. Mbali, tatizo hugeuka. Mwendo umepungua na kichwa kigumu kinaweza kupita bila kufunguka. Kampuni ya Nosler, kwa kichwa chao cha bondedi kiitwacho AccuBond, hutaja futi 1,800 kwa sekunde, yaani karibu mita 550, kuwa mwendo wa chini wa kufunguka. Basi kabla ya kununua jiulize utapiga wapi: kichakani au mbugani.

Kuna na suala la kundi. Risasi ngumu isiyofunguka hupenya sana, na kwa tembo ndiyo stahili yake. Kwenye nyati waliosongamana, risasi hiyo inaweza kumpita uliyemlenga na kumjeruhi jike aliyesimama nyuma yake, nawe usijue. Bondedi kwa kawaida hupunguza hatari hiyo, ila haiiondoi. Kama nyuma ya dume kuna mwingine, usipige. Wawindaji bingwa wengi huanza na risasi ya kufunguka, kisha huweka ngumu zinazofuata, kwa kuwa mnyama akishaanza kukimbia utampata kwa nyuma au kwa mshazari, na hapo unahitaji kupenya.

Bondedi pia haiipandishi cheo bunduki ndogo. Kichwa cha greni 180 kwenye .30-06, kaliba ndogo kuliko .375, ni chombo kizuri sana kwa tandala, kongoni au pundamilia, na kwa pofu mikononi mwa mtu makini. Kwa nyati hapana. Nchini Tanzania kaliba ya chini kwa nyati na tembo ni .375, na hakuna uimara wa kichwa unaobadilisha sheria hiyo. Wala hairekebishi shabaha mbovu. Nyati akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi ya chini ya kiwiliwili. Tumboni, hata risasi ghali kuliko zote itakuachia mnyama aliyejeruhiwa, nawe unalazimika kumfuatilia.

Ukishachagua, nunua za kutosha za aina moja na uzipeleke kwenye kiwanja cha shabaha. Usidhani kwamba kwa kuwa uzito ni greni 300 zote zitagonga mahali pamoja. Kila muundo una tabia yake mtutuni, na ukibadilisha aina ni lazima usawazishe darubini upya. Jaribu pia risasi ngumu utakazobeba, uone kama zinagonga karibu na zile za kufunguka.

Limebaki suala la madini ya risasi, na hili linanigusa zaidi mwaka hadi mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini haya mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Bondedi huacha vipande vichache kuliko kichwa cha kawaida, lakini ncha yake bado husagika njiani. Tangu kanuni za Tanzania za mwaka 2020 ziruhusu mabucha ya nyamapori, nyama hiyo inafika kwenye masufuria ya watu ambao hawakuwepo porini. Utumbo na mabaki yaliyolowa damu huliwa na tumbusi, nao ni ndege wanaokufa kwa sumu hii. California ilipiga marufuku risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, hasa kwa ajili ya kumnusuru kondori, ndege mkubwa mla mizoga kama tumbusi.

Kwa hiyo anayeweza kupata vichwa vya shaba tupu, kama vile vya Barnes, avijaribu kwanza kwenye bunduki yake. Vinapenya vizuri na havina madini hayo. Anayebaki na bondedi akate na kutupa nyama yote iliyovilia damu kuzunguka njia ya risasi, asimpe hata mbwa, na mabaki hayo ayafukie kina kirefu ambako fisi hatayafukua.