Injini kubwa kwenye Pontiac GTO: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwenye Pontiac GTO ya 1965 iliyopoteza injini yake ya asili kwa kawaida huuliza jambo moja tu: niweke injini kubwa kiasi gani? Hapo ndipo upotofu unapoanzia, kwa sababu injini, giaboksi na difu huchaguliwa kwa pamoja.

"Lita 7.5 haitaenea chini ya boneti, na pua ya gari itakuwa nzito."

Kwa Chevrolet hofu hii ina msingi, kwani V8 zake (injini za silinda nane) ndogo na kubwa ni familia mbili zenye uzito tofauti kabisa. Kwa Pontiac sivyo. V8 zake za miaka ile, yaani 326, 389, 400 na hata 455 (namba ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, na 455 ndiyo hiyo lita 7.5), zina umbo la nje lile lile, na uzito hautofautiani sana. Ukubwa uliongezwa kwa ndani: pistoni ya 389 husafiri inchi 3.75, ya 455 inchi 4.21. Ukiziweka mbili hizo sakafuni bega kwa bega, kinachokuonyesha ipi ni ipi ni namba zilizosubiwa kwenye bloku. Kagua tu matundu ya maunti, yaani viegemeo vinavyoshikilia injini garini, kabla ya kulipa, kwa kuwa yalibadilika kadiri miaka ilivyokwenda.

"455 HO ya 1972 ni dhaifu kuliko ya 1971."

HO ni kifupi cha High Output, yaani toleo la 455 lenye nguvu zaidi. Ya 1971 iliandikwa nguvu za farasi 335, ya 1972 ikaandikwa 300. Injini ni ile ile. Kilichobadilika ni upimaji: zamani injini ilipimwa ikiwa tupu, bila mzigo wa vifaa vyake, baadaye ikapimwa ikiwa na eksosi, kichujio cha hewa na vinginevyo, kama inavyokaa garini. Wapo wanaoikimbia ya 1972 kwa sababu ya namba hiyo, na wanakosa injini nzuri sana.

"Nguvu ikiwa kubwa, weka difu fupi ili gari liruke."

Difu fupi ni ile yenye uwiano wa namba kubwa, inayozungusha injini mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule. Hili ndilo kosa linaloharibu magari mengi mazuri. 455 ya 1970 ilitangazwa kuwa na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya pauni-futi 500, na hupatikana mapema, injini ikiwa bado haijapanda mizunguko. Haihitaji difu fupi kuling'oa gari.

Chukua TH400, otomatiki ya gia tatu ambayo GTO ilianza kuwekewa mwaka 1967. Gia yake ya juu ni moja kwa moja, yaani haipunguzi mizunguko ya injini. Ukiwa na difu ya 3.55 na tairi za kipenyo cha inchi 26, kwenye kilomita 110 kwa saa injini inazunguka kama mara 3,100 kwa dakika, safari nzima. Weka 200-4R ya gia nne, ambayo ya juu ni 0.67, na mwendo ule ule unauendesha kwa mizunguko kama 2,100. Ukibaki na TH400, basi shuka kwenye difu ya 3.07 au karibu na hapo. Mimi ningechagua 200-4R, lakini ifumuliwe na kujengwa kwa vifaa imara, kwa maana ya kiwandani haikukusudiwa kubeba torki ya 455. Kebo yake ya kabureta ifungwe na fundi anayeijua: ikilegea, presha ya oili hushuka na klachi za ndani huungua upesi.

"Giaboksi yoyote ya General Motors inafunga kwenye injini yoyote ya General Motors."

Haifungi. Chapa hizi zote ni za General Motors, lakini matundu ya boliti yanayounganisha injini na giaboksi ya Chevrolet ni tofauti na yale ya Buick, Oldsmobile na Pontiac. 700R4, otomatiki nyingine ya gia nne, ina matundu ya Chevrolet, hivyo kwa Pontiac itadai adapta. 200-4R nyingi zilitobolewa kwa mitindo yote miwili.

"Breki zitafuata baadaye."

GTO za 1964 hadi 1966 zilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne. Diski za mbele zilianza kupatikana kwa nyongeza ya bei mwaka 1967. Pesa zikitosha kimoja tu, funga diski za mbele, na injini uliyonayo iendelee kufanya kazi hadi mwakani.