Maji chini ya gari si gesi ya AC

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya Tanga: gari likidondosha maji AC ikiwaka, gesi inavuja, kajaze haraka. Si kweli. Gesi ya R-134a, inayopoza hewa kwenye AC za magari mengi, huchemka kwenye nyuzi -26 za Selsiasi. Ikivuja hupotea hewani, haiachi kidimbwi. Maji yale ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho, na kwa fukuto la pwani yetu huwa mengi. Pangusa kwa tishu: yasipokuwa na rangi, harufu wala utelezi, tulia. Wengi huyachanganya na kulanti ya rejeta (kimiminika cha kupozea injini), ambayo ina rangi na huteleza. Tafadhali tusiusambaze tena ujumbe ule. Zulia la abiria likilowa, hapo kagua mpira wa kutolea maji ya AC; huenda umeziba.