Utambuzi wa sura kwa kamera za serikali: maana yake na jinsi unavyogusa uhuru wa raia

Utambuzi wa sura ni uwezo wa kompyuta kupima uso wa mtu katika picha, kuugeuza uso huo kuwa mfululizo wa tarakimu, kisha kuzilinganisha tarakimu hizo na za nyuso nyingine zilizohifadhiwa, ili ijulikane mtu huyo ni nani. Uwezo huo ukiunganishwa na kamera za barabarani, stesheni na viwanja vya michezo, na ukiwa mikononi mwa polisi au idara za usalama, serikali hupata njia ya kumfuatilia raia bila kumsimamisha, bila kumuuliza jina, na mara nyingi bila yeye kujua kwamba ametazamwa. Wengi huijadili teknolojia hii kana kwamba suala zima ni kama inakosea au haikosei. Makosa yapo na yanaumiza, nami nitayaeleza, lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni mfumo unaofanya kazi yake barabara huku hakuna sheria inayosema nani awekwe kwenye orodha ya wanaotafutwa, na kamera zielekezwe wapi.

Kuna matumizi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Simu inayofunguka kwa kuutazama uso wa mwenyewe inalinganisha uso mmoja na kumbukumbu moja, na swali lake ni dogo: je, huyu ndiye mwenye simu? Mwenye simu amekubali kwa hiari yake, kumbukumbu ya uso wake kwa kawaida hubaki ndani ya simu hiyo, na asipotaka anatumia namba ya siri. Kamera ya polisi inayotazama mtaa hufanya kazi nyingine kabisa. Huchukua kila uso unaopita, uwe wa mtoto anayetoka shule, wa mchuuzi, au wa mgonjwa anayekwenda kliniki asingependa kujulikana, na kuulinganisha na orodha ya mamia au maelfu ya watu. Wapita njia hao hawakuombwa ridhaa na hawana namna ya kukataa, isipokuwa kuacha kupita hapo. Tena, aliyeibiwa namba ya siri huibadilisha siku hiyohiyo, ilhali vipimo vya uso vikishachukuliwa hubaki kuwa vyake maisha yake yote.

Mashine yenyewe haitamki kwamba mtu ndiye au siye. Hutoa alama za ulinganifu, na binadamu ndiye anayeamua mapema alama ngapi zinatosha kupiga kengele. Kiwango kikishushwa, wasiohusika wengi hunaswa. Kikipandishwa, wanaotafutwa hupita. Hapa ndipo hesabu ya umati inapoleta matokeo ambayo wengi hawayatarajii. Tuchukue mfumo unaomfananisha kimakosa mtu mmoja tu katika kila watu 1,000, tuuweke kwenye lango la uwanja wenye watu 60,000, na tuseme wanaotafutwa kati yao ni 10. Hata ukiwanasa wote 10, utakuwa umewanyooshea kidole watu 60 wasio na kosa lolote, yaani katika kila kengele saba, sita ni za uongo. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya iliyochezwa Cardiff, Wales, Juni 2017, hali ilikuwa mbaya kuliko mfano huu: mfumo wa polisi ulitoa ishara 2,470, na kati ya hizo 2,297 ziliwahusu watu wasiotafutwa. Zilizokuwa sahihi ni 173. Polisi walieleza kwamba picha walizopewa na taasisi nyingine zilikuwa hafifu, na maelezo hayo hayanitulizi hata kidogo, kwa kuwa picha hafifu si jambo la nadra katika majalada ya polisi.

Makosa hayo, zaidi ya hapo, hayagawanyiki sawa. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika ripoti ya Desemba 2019 iliyopima programu 189 kutoka kwa watengenezaji 99, ilikuta kwamba kosa la kumfananisha mtu na asiye yeye lilitokea zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na kwa uchache zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Kwa programu nyingi tofauti hiyo ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100, ingawa zilizo bora zaidi zilikuwa zimeipunguza sana. Programu hizi hujifunza kwa kuonyeshwa mamilioni ya picha, na zikilishwa nyuso za weupe kwa wingi hujifunza kuwapambanua weupe vizuri kuliko wengine. Kwa hiyo msomaji wa Dodoma, Mombasa au Bujumbura asidhani kwamba hayo ni matatizo ya Weusi wa Marekani peke yao. Huko Detroit, Januari 2020, mwanamume Mweusi alikamatwa mbele ya mkewe na binti zake wadogo wawili, akawekwa mahabusu kwa takriban saa 30, kwa sababu programu ilikuwa imeifananisha picha ya leseni yake ya zamani ya udereva na picha yenye giza ya mtu aliyeiba saa dukani. Juni 2024 jiji hilo lilikubali kumlipa dola 300,000, na polisi wake wakafungwa na sharti kwamba wasimkamate mtu yeyote kwa kutegemea matokeo ya utambuzi wa sura peke yake.

Sasa tuseme makosa yote yameondolewa. Je, hofu itakuwa imekwisha? Tarehe 23 Agosti 2019, Nikolay Glukhin alipanda metro ya Moscow akiwa amebeba sanamu ya kadibodi yenye kimo cha mtu, ikimwonyesha Konstantin Kotov, mwanaharakati aliyekuwa akikabiliwa na kifungo kwa kushiriki maandamano ya amani. Alikuwa peke yake, na hakuleta vurugu yoyote. Picha za safari yake zilisambaa kwenye Telegram, polisi wakazichukua, wakamtambua, na siku saba baadaye wakamkamata akiwa ndani ya metro ileile. Alitozwa faini ya rubo 20,000 kwa kutotoa taarifa kabla ya kuandamana peke yake na kitu kinachoweza kuunganishwa na kutenganishwa haraka. Mashine haikukosea, kwani aliyekamatwa ndiye hasa aliyebeba sanamu. Julai 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Urusi ilikuwa imevunja haki yake ya faragha na uhuru wake wa kujieleza, na kwamba kutumia teknolojia nzito kiasi hicho dhidi ya mtu aliyeandamana kwa amani hakupatani na jamii ya kidemokrasia inayoongozwa na sheria.

Kesi hiyo inajibu vizuri swali linaloulizwa kila mara, kwamba asiyetenda kosa ana hofu gani. Kosa ni kile ambacho mwenye mamlaka amekiita kosa, na orodha ya wanaotafutwa huandikwa na mwenye mamlaka huyohuyo. Mwandishi wa habari anayekutana na mtoa siri wa wizara, wafanyakazi wanaopanga mgomo, waumini wa dhehebu lisilopendwa, mwanamke anayemkimbia mume mwenye jamaa polisi: wote hawa wamekuwa wakitegemea jambo moja la kawaida, yaani kupotea katika umati. Askari mmoja angeweza kumfuata mtu mmoja, na kazi hiyo ilikuwa na gharama iliyoilazimisha serikali kuchagua nani anastahili kufuatwa. Kamera zenye utambuzi wa sura zimeiondoa gharama hiyo, na pamoja nayo kizuizi ambacho hakikuwahi kuandikwa katika sheria yoyote kwa sababu hakuna aliyedhani kingehitaji kuandikwa. Si lazima hata watu wakamatwe. Wakijua kwamba kila anayefika mkutanoni ataandikwa jina, wengine hawatafika.

Uamuzi ambao naona umeeleza jambo hili kwa makini zaidi ni ule wa Mahakama ya Rufaa ya Uingereza na Wales, wa Agosti 2020, katika kesi ya Edward Bridges dhidi ya polisi wa Wales Kusini. Bridges, mkazi wa Cardiff, alipita karibu na gari la polisi lenye kamera hizo mara mbili: kwanza Desemba 2017 katika mtaa wa maduka wakati wa pilikapilika za Krismasi, kisha Machi 2018 alipokuwa akiandamana nje ya maonyesho ya zana za kijeshi. Ile mara ya kwanza, alipoyasoma maandishi ya garini alikuwa tayari amesogea ndani ya uwezo wa kamera kumchukua. Mfumo huo uliweza kupima hadi nyuso 50 kwa sekunde moja, na kati ya mwaka 2017 na 2018 ulikadiriwa kupima nyuso zipatazo 500,000, karibu zote za watu wasioshukiwa lolote, ingawa vipimo vyao vilifutwa papo hapo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikuwa imewapa polisi haki. Mahakama ya Rufaa ikapindua, ikisema kwamba kanuni zilizokuwepo zilimwachia askari mmoja mmoja uhuru mkubwa mno wa kuamua mambo mawili: nani aingizwe kwenye orodha, na kamera ziwekwe wapi. Orodha hiyo iliweza kuwachukua si wanaotafutwa kwa makosa tu, bali pia watu ambao polisi walipenda tu kupata habari zao. Mahakama ilikuta pia kwamba polisi hawakuwahi kujiridhisha kama programu hiyo inabagua kwa rangi au jinsia, kwa sababu mtengenezaji aliziona picha alizoifundishia kuwa siri ya biashara.

Hata hivyo mahakama haikusema kwamba teknolojia hiyo ni haramu. Polisi wa Wales Kusini waliandika upya kanuni zao na baadaye wakairejesha mitaani.

Picha za kulinganisha nazo hutoka wapi? Aghalabu hutoka kwetu wenyewe. Raia hupiga picha ya kitambulisho ili apige kura, ya leseni ili aendeshe gari, ya pasipoti ili asafiri, na kila moja huitoa kwa shughuli hiyo tu. Uchunguzi wa chuo kikuu cha Georgetown wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban nusu ya Wamarekani watu wazima, watu milioni 117, walikuwa tayari kwenye mitandao ya utambuzi wa sura ya vyombo vya dola, wengi wao kwa kuwa tu walikuwa na leseni ya udereva. Nchi inapokuwa na kanzidata moja ya taifa yenye picha na alama za vidole za watu wazima karibu wote, hatua ya kuiunganisha na kamera za mitaani ni ndogo kiufundi. Kinachoizuia ni sheria tu, pale sheria inapokuwepo na kuheshimiwa.

Afrika Mashariki imo ndani ya habari hii. Nairobi na Mombasa zilifungiwa kamera zipatazo 1,800 katika mradi wa usalama uliotolewa kwa Safaricom mwaka 2014, vifaa vikitoka Huawei ya China. Uganda iliagiza kamera za Huawei kwa dola milioni 126 kufuatia mauaji yaliyoutikisa mji wa Kampala, likiwemo lile la afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwaka 2017. Sababu ilikuwa ya kweli; watu walikuwa wakiuawa na wauaji hawakamatwi. Novemba 2020 ghasia zilizuka baada ya Bobi Wine, aliyekuwa akigombea urais, kukamatwa. Watu wasiopungua 54 walikufa, na polisi wakasema wanazitumia kamera hizo kuwasaka walioshiriki, mamia wakakamatwa. Chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya wauaji kilielekezwa pia kwa umati wa kisiasa, na hakikuhitaji kununuliwa upya wala kubadilishwa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili unde, ambayo makatazo yake yalianza kutumika Februari 2025, imewakataza polisi kutambua watu papo hapo kwa mbali katika maeneo ya umma, isipokuwa kwa sababu chache kama kumtafuta aliyetekwa au kuzuia shambulio la kigaidi, tena kwa kibali cha jaji au mamlaka huru. Naiona kuwa hatua nzuri yenye pengo: kupitisha mashine juu ya picha zilizokwisha kurekodiwa kumewekewa masharti mepesi zaidi, na mkasa wa Moscow ulianza hivyo hivyo, kwa picha zilizochukuliwa mtandaoni. Jiji la San Francisco lilikwenda mbali zaidi Mei 2019 lilipozipiga marufuku idara zake zote, polisi wakiwemo, kutumia utambuzi wa sura.

Kwetu misingi ipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na ya 31 ya Katiba ya Kenya zinalinda faragha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda ina yake ya mwaka huohuo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Tatizo ni kwamba sheria za aina hii huacha mlango kwa jina la usalama wa taifa, na kamera hupitia mlango huohuo. Lakini kifungu cha 31 cha sheria ya Kenya kinataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya kuchakata data kwa namna inayoweza kuhatarisha haki za watu, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi iliutangaza uzinduzi wa kadi ya Huduma, kitambulisho cha kidijitali cha taifa, kuwa batili kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa. Tathmini ya namna hiyo inaweza kudaiwa kwa ajili ya kamera pia, pamoja na majibu ya maandishi ya maswali yaleyale ya Cardiff: nani yumo kwenye orodha, nani amemweka, kamera ziko wapi, na picha za wasiotafutwa zinakaa siku ngapi.