Viti vya Kinshasa, bunduki za Bukavu

Kila mwaka nikifika kwenye somo la mapatano ya amani ya Kongo (DRC), mwanafunzi mmoja huuliza: "Prof, kama walitia saini, kwa nini wazazi wetu walikimbia mwaka 2004?" Mimi nilikuwepo. Tulilala sakafuni pale Kadutu, mjini Bukavu, godoro limeegemezwa dirishani, mama akitugawia sambaza, wale dagaa wetu wakavu, kwa kuhesabu.

Mkataba wa Pretoria wa tarehe 17 Desemba 2002, kati ya serikali na makundi ya waasi, ndio uliozaa ile serikali ya mpito tuliyoiita 1+4: Rais Joseph Kabila na makamu wanne, yaani Jean-Pierre Bemba, Azarias Ruberwa, Abdoulaye Yerodia na Arthur Z'ahidi Ngoma. Wengi huubeza mpango huo, kwamba ulikuwa karamu ya vyeo. Mimi siubezi. Bila huo, sioni jinsi ambavyo tungefikia kura ya maoni ya katiba Desemba 2005 na uchaguzi wa Julai 2006.

Shida ni kwamba viti vilipata wenyewe upesi, jeshi likaachwa nyuma. Ruberwa, kiongozi wa RCD-Goma, kundi lililokuwa la waasi, ndiye makamu wa rais aliyesimamia siasa, ulinzi na usalama. Huku kwetu, Kanali Jules Mutebutsi wa RCD-Goma hiyohiyo alikuwa amefanywa naibu kamanda wa mkoa wa 10 wa kijeshi. Kwenye karatasi, jeshi lilikuwa moja. Tarehe 26 Mei 2004 askari wake na wale wa Jenerali Mbuza Mabe, kamanda wa mkoa huo, wakaanza kupigana mjini. Jenerali Laurent Nkunda, naye wa RCD-Goma, akashuka na watu wake kutoka Kivu ya Kaskazini, na tarehe 2 Juni mji ukawa mikononi mwao kwa siku kadhaa. Kiti cha Kinshasa hakikuweza kuzuia bunduki hata moja isilie Nyawera, katikati ya mji wetu.

Kwa nini? Jibu nililipata kwa mzee mmoja jirani yetu aliyewahi kuvaa sare. Alinieleza kwamba mshahara ulikuwa unakuja kwa kamanda, noti zikiwa ndani ya mfuko. Kamanda anahesabu, anakata chake, kinachobaki ndicho askari wanachogawiwa. Unga wa bugali, sabuni, dawa ya mtoto, vyote alivipata kwa mkono wa mtu huyo mmoja. Akihama, wanamfuata. Mzee alisema haya bila aibu yoyote, na sikuona kwa nini aone aibu. Rais, yeye mzee alikuwa akimsikia redioni tu.

Ndiyo maana naiona kazi ya ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC, ulioanza mwaka 2005, kuwa muhimu kuliko mikutano mingi ya hotelini. Ulisaidia kuwahesabu askari mmoja mmoja na kuitenga njia ya mshahara na njia ya amri. Kazi ya makaratasi, isiyopigiwa makofi na mtu. Pamoja nayo kulikuwa na brasaji: wapiganaji wa pande zote wanachanganywa kambini, wanafunzwa pamoja, kisha wanapelekwa mbali na ngome zao za zamani. Ilikwenda kwa kuchechemea, lakini palipofanyika kweli, kamanda alipoteza jeshi lake la binafsi.

Kisha viongozi wakatafuta njia ya mkato. Mwaka 2007 watu wa Nkunda walichanganywa na jeshi la taifa wakiwa wamebaki palepale Kivu ya Kaskazini. Mpango ukavunjika mwaka huohuo. Tarehe 23 Machi 2009 CNDP, kundi alilolianzisha Nkunda, ikatia saini mapatano na serikali, ikaingizwa jeshini kwa haraka, na maofisa wake wengi wakabaki Kivu na watu wao. Aprili 2012 wakaasi, wakajiita M23 kwa tarehe ile, na tarehe 20 Novemba wakaingia Goma. Inaniuma kuandika haya, maana kila mara onyo lilikuwa wazi.

Sasa wanafunzi wananiuliza kuhusu azimio lililotiwa saini Doha tarehe 19 Julai 2025 kati ya serikali na M23. Nikiletewa hati yoyote ya namna hiyo, orodha ya mawaziri siisomi kwanza. Natafuta ukurasa unaosema kikosi gani kinahamia jimbo gani, kabla ya tarehe ipi, na mshahara wa askari wa kawaida utamfikiaje bila kupita mkononi mwa kamanda wake.