Je, wajua kwa nini desimali za atomu kwenye protini haziaminiki zote?

Ukifungua faili ya protini toka Protein Data Bank, hazina ya maumbo ya protini iliyoanza 1971, kila atomu ina x, y na z za kuonyesha iko wapi, zenye desimali tatu, mfano 12.347, kwa angstromu, yaani sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Ukiona hivyo unaweza kudhani atomu imepimwa kwa usahihi wa ajabu, kumbe desimali zile ni mpangilio wa faili tu, zinaandikwa vilevile hata kama data ilikuwa mbovu.

Maana eksirei ikipita kwenye fuwele ya protini haitoi picha ya atomu, inatoa madoa, na kutokana na hayo madoa watu wanakokotoa wingu la elektroni, halafu ndo wanapachika atomu humo. Resolusheni ndo inakwambia wingu hilo linaonyesha undani kiasi gani, namba ikiwa ndogo undani ni mwingi. Myoglobini, protini ya misuli, aliyoichunguza mwanasayansi John Kendrew mwaka 1958 ilikuwa na angstromu 6, ulikuwa unaona tu jinsi mnyororo unavyojikunja, ilipofika 1960 wakashuka hadi 2.

Sasa kaboni mbili zilizoshikana ziko mbali kwa angstromu 1.54 tu, inakuwaje resolusheni ya 2 iziweke mahali pake? Hapa ndo pananifurahisha. Taa mbili za gari lililo mbali usiku unaziona kama mwanga mmoja, lakini katikati ya huo mwanga unaweza kupaonyesha kwa kidole bila shida. Halafu urefu wa bondi ulishajulikana toka kwenye molekuli ndogo, kwa hiyo programu inabana atomu zifuate kemia. Ndo maana kwa resolusheni ya 2, sehemu zilizotulia zinakosea kama 0.2 au 0.3 hivi, basi desimali ya pili na ya tatu usizitegemee.

Nasema zilizotulia kwa sababu atomu haziko sawa. Kila moja ina namba yake inaitwa B-fakta, na watu wengi wanaipita bila kuiangalia jamani! Ikiwa 20, atomu imetawanyika kama nusu angstromu toka katikati, ikifika 80 ni angstromu nzima. Vitanzi vya pembeni, yaani vipande vya mnyororo vinavyojipinda kwa nje, mara nyingi viko hivyo, kwa hiyo mtu akikwambia bondi ya haidrojeni pale ni 2.87 na ya protini nyingine ni 2.95, akajenga hoja juu ya hiyo tofauti, muulize kwanza B-fakta zake ni ngapi.